Simu yenye kioo cha AMOLED inaniumiza macho usiku: tatizo ni kioo au ni macho yangu?

Mhasibu wa Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu wa kitaalamu, kwa kuwa kila ninayemweleza jambo hili hunijibu kwamba nipunguze kukaa na simu, na hilo nalijua. Tangu niache simu yangu ya zamani yenye kioo cha LCD na kununua hii yenye AMOLED, nimekuwa nikipata maumivu ambayo sikuwa nayo hapo awali: macho yanakuwa mazito, paji la uso linabana hasa juu ya nyusi, na nikiendelea kusoma kwa nusu saa hivi naanza kuhisi kichefuchefu.

Kinachonitatiza ni kwamba maumivu hayo hayategemei wingi wa matumizi. Mchana nikiwa kazini naweza kupitia majedwali ya hesabu kwenye simu hiyo hiyo, mwangaza ukiwa juu, nisisikie chochote cha maana. Usiku, watoto wakishalala na taa ikishazimwa, nikishusha mwangaza hadi karibu na mwisho ili nisiwaamshe, dakika chache tu zinatosha. Nilitegemea kwamba kushusha mwangaza kungeyapumzisha macho, lakini naona kinyume chake. Nimepimwa, nikaambiwa miwani niliyonayo bado inanifaa. Nimewasha ile rangi ya manjano ya usiku, nimekuza herufi, nimebadili hata protekta, na hakuna kilichosaidia. Mume wangu anatumia simu ya aina hiyo hiyo na halalamiki kitu, ndiyo maana nyumbani naonekana nadeka.

Je, kioo cha simu kinaweza kweli kuwa chanzo, ilhali ukikitazama kinaonekana kimetulia kabisa? Na kama ndivyo, ipo njia ya kuthibitisha nyumbani kabla sijaingia gharama ya simu nyingine? Naomba kuwasilisha.

Fundi Waya

Dada, hudeki. Maelezo yako kwamba maumivu huja mwangaza unaposhushwa ndiyo yanayonifanya nianze na kioo kabla ya kitu kingine chochote.

Kioo cha LCD kina taa nyuma yake, na katika simu nyingi taa hiyo hupunguzwa kwa kupunguza umeme unaoingia. AMOLED haina taa ya nyuma. Kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na ukiipunguzia umeme mno rangi huanza kuharibika, kijivu kikawa na madoadoa na nyeupe ikaegemea kijani au wekundu. Ili kukwepa kasoro hiyo, watengenezaji wengi huiacha nukta iwake kwa nguvu, kisha wakaizima na kuiwasha kwa kasi kubwa, utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama PWM. Ni sawa na mtu anayetaka maji kidogo bombani, lakini badala ya kulilegeza bomba analifungua na kulifunga harakaharaka. Simu nyingi za AMOLED hufanya hivyo mara 240 kwa sekunde, yaani hezi 240, na iPhone nyingi za miaka ya karibuni hezi 480. Unaposhusha mwangaza, kasi hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba kipindi cha kuzima kinarefuka na kipindi cha kuwaka kinafupika. Kwa hiyo usiku, mwangaza ukiwa chini kabisa, kioo chako kwa sehemu kubwa ya muda kimezimwa, na mwanga unakujia kwa vipigo vifupi vikali katika chumba chenye giza.

Utauliza kwa nini huvioni. Mtu wa kawaida huacha kutambua kwamba taa inawaka na kuzima inapopita hezi 60 hadi 90 hivi, endapo ameitulizia macho. Lakini anayesoma hatulizi macho. Jicho huruka kutoka neno hadi neno, na linaporuka, mwanga unaokatika huacha mfululizo wa alama zilizotengana badala ya mstari mmoja laini. Yapo majaribio ambamo watu waliziona alama za namna hiyo hata mwanga ulipokatika takriban mara 2,000 kwa sekunde. Hezi 240 iko chini sana ya hapo. Watu pia wanatofautiana mno katika jambo hili, kwa hiyo mumeo kutolalamika hakuthibitishi chochote kuhusu macho yako.

Kuna mwongozo wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, wa mwaka 2015, namba 1789, ulioandikwa kwa ajili ya taa za LED. Kwa hesabu yake, mwanga unaokatika kwa hezi 240 unahesabiwa kuwa na hatari ndogo endapo tofauti kati ya kilele chake na giza lake haizidi asilimia 19 hivi. Kioo kinachozimika kabisa kati ya kipigo na kipigo kina tofauti ya asilimia 100. Kuanzia hezi 3,000 mwongozo huo hauweki tena kikomo, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya kampuni za China zimekuwa zikitangaza namba kubwa: Honor 90 ya mwaka 2023 ilitangazwa kwa hezi 3,840. Mwongozo wenyewe, hata hivyo, ni wa taa na hauwabani watengenezaji wa simu.

Sasa kipimo cha nyumbani. Zima taa zote usiku, fungua ukurasa mweupe kwenye simu, shusha mwangaza hadi kiwango unachokitumia kitandani, kisha pitisha kalamu upesi mbele ya kioo, kushoto na kulia. Ukiona ukungu mmoja mlaini wa kalamu, mwanga haukatiki, au unakatika kwa kasi kubwa sana. Ukiona kalamu nyingi zilizosimama kando kwa kando, kingo zake zikiwa wazi, basi unakatika. Kipimo cha pili kinahitaji simu nyingine yenye kamera inayokuruhusu kuchagua muda wa picha mwenyewe: weka 1/1000 ya sekunde au mfupi zaidi, kisha piga picha kioo hicho cheupe. Mistari minene myeusi inayokikata kioo ndiyo ushahidi wako. Usihangaike na mstari mmoja mwembamba uliofifia, kwa maana vioo vya OLED, ambavyo AMOLED ni aina mojawapo, huwa na mtikisiko mdogo kila picha inapobadilishwa, hata vile vinavyopunguza mwanga kwa umeme.

Babu Monita

Naona mambo haya yanakuzwa. Sisi tulikaa kutwa mbele ya monita zile za kioo kinene zilizokuwa zikicheza kwa hezi 60, na kazi zikafanyika. Leo mtu analalamikia 240? Mimi simu yangu ni AMOLED, nimeiweka kwenye hezi 120 na ni laini kabisa. Dada aingie kwenye mipangilio aitoe kwenye 60 aiweke 120, suala limekwisha.

Fundi Waya

Mzee wangu, shikamoo. Hezi 120 unayoisema ni idadi ya mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde, na ndiyo inayofanya maandishi yateleze kwa ulaini unapovuta ukurasa. Haihusiani moja kwa moja na jinsi mwanga unavyopunguzwa. Simu inaweza kubadilisha picha mara 120 huku ikizima na kuwasha kioo mara 240, na ukiihamisha kutoka 60 kwenda 120 kuzima huko kukabaki vilevile. Kuhusu monita za kioo kinene, utakumbuka kwamba watu walilalamika sana, na ndiyo maana aliyejua mipangilio alikuwa akipandisha hadi 75 au 85 mara tu alipokaa kwenye mashine.

Miwani Mezani

Nafanya kazi ya kupima macho, na ninakubaliana na mengi aliyoyaeleza Fundi. Ushahidi kwamba mwanga unaokatika bila kuonekana unaweza kuumiza ulikuwepo kabla ya simu hizi. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti uliofanywa katika ofisi zenye taa za tyubu. Tyubu inayoendeshwa na choki ya kawaida kwenye umeme wa hezi 50 hukatika mara 100 kwa sekunde. Walipoweka vifaa vya kielektroniki vilivyoziendesha taa hizo kwa makumi ya maelfu ya hezi, bila wafanyakazi kuambiwa ni lini zimebadilishwa, maumivu ya kichwa na ya macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo dada, unapofanya kipimo cha kalamu, kifanye pia chini ya taa ya sebuleni na ya ofisini. Huenda simu si mkosaji pekee.

Hata hivyo, sitaki kioo kibebeshwe kila kitu. Mtu anapokodolea skrini hupepesa kope mara chache sana kuliko kawaida, machozi hukauka juu ya jicho, na feni inayompulizia usoni huongeza ukavu huo. Kwa simulizi lako, kusoma gizani ukiwa umelala ubavu, simu ikiwa karibu na uso kuliko unavyoishika mchana, kunayalazimisha macho kujikaza zaidi, na mkazo huo pekee unaweza kuleta mbano wa juu ya nyusi. Kama umri wako umekaribia miaka 40, muulize aliyekupima kama alipima pia uwezo wa kusoma karibu, kwa sababu wengi hupimwa kwa ubao wa mbali tu, wakaambiwa miwani inafaa, na kumbe inafaa kwa mbali.

Mambo mawili nayasema kwa msisitizo kwa sababu nakutana nayo kila mara. Kwanza, usiuziwe miwani ya kuchuja mwanga wa bluu kwa tatizo hili. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuonyesha kwamba inapunguza uchovu wa macho unaotokana na skrini, na kwa vyovyote kuchuja rangi hakuzuii mwanga kukatika; ndiyo maana hata ile rangi ya manjano ya usiku haikukusaidia. Pili, usinunue dawa ya matone dukani kwa kuelekezwa na jirani. Baadhi yake zina steroidi, zinatuliza haraka na kumfanya mtu azizoee, huku zikiweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na ukiona jicho limekuwa jekundu lenye maumivu, uoni umepungua ghafla, au miduara ya rangi imezizunguka taa, hayo si ya simu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Niongeze kwamba kifafa kinachochochewa na mwanga ni jambo jingine. Hicho mara nyingi huchochewa na mimweko ya polepole inayoonekana wazi, kati ya hezi 3 na 30 hivi, kama ilivyotokea Japani Desemba 1997 ambapo watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini baada ya katuni moja ya televisheni kumweka nyekundu na bluu. Kioo cha hezi 240 hakiko katika kundi hilo, kwa hiyo usiingiwe na hofu hiyo.

Mhasibu wa Mwanza

Nawashukuru sana. Nimefanya kipimo cha kalamu usiku wa jana na jibu liko wazi: mwangaza ukiwa chini naona kalamu zimepangana kama vidole vya mkono, na ninapoupandisha zinaanza kuungana mpaka zinakuwa ukungu. Kwenye simu ya zamani, ambayo watoto wanachezea, hakuna kitu kama hicho hata mwangaza ukiwa mwisho wa chini. Taa ya sebuleni imefaulu. Ya jikoni, ambayo ni tyubu ya choki na stata, imeanguka vibaya.

Swali langu sasa ni la matumizi. Siwezi kusoma usiku na mwangaza umejaa, nitaamsha nyumba nzima. Nifanyeje bila kununua simu nyingine mwezi huu? Na nitakaponunua, nitapimaje dukani?

Fundi Waya

Acha mwangaza wenyewe juu, nusu au zaidi, na uzime ule wa kujirekebisha, kisha ufifishe picha kwa programu. Simu za Android kuanzia toleo la 12 zina kipengele cha kufifisha kioo zaidi ya kiwango cha chini, na kwenye iPhone kuna cha kupunguza ukali wa rangi nyeupe. Vyote hutia giza rangi za picha bila kurefusha kipindi cha kuzima. Betri italika kidogo na rangi zitapauka, lakini kwa kusoma maandishi hutajali. Chungulia pia mipangilio ya kioo, kwa sababu baadhi ya simu zina swichi ya kupunguza mwanga kwa umeme, maarufu kama DC, au ya kupunguza mtikisiko wa kioo, ingawa mara nyingi huja imezimwa. Na washa taa ndogo upande wa pili wa kitanda, kwa maana giza totoro ndilo linalofanya kila kipigo kiwe kikali.

Wakati wa kununua, usiishie kwenye namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwani namba kubwa wakati mwingine hufanya kazi katika viwango fulani vya mwangaza tu. Mwombe muuzaji awashe simu ya maonyesho, fungua ukurasa mweupe, shusha mwangaza hadi mwisho, na upige picha kwa simu yako kwa 1/1000 ya sekunde. Kisha panda ngazi kwa ngazi ukirudia. Simu za bei nafuu zenye LCD mara nyingi hupita kipimo hiki kuliko za gharama, na nimewahi kumfungia mteja kioo cha kopi cha LCD badala ya OLED yake iliyopasuka, akarudi kulalamikia rangi lakini akakataa nimrudishie cha awali kwa sababu kichwa kilikuwa kimeacha kumuuma. Muuzaji akikukatalia kupima, nenda duka la pili.