Eti "hiki cha ziada"! Asikanyage tena mlangoni kwangu

MtutuMkavu:
Wadau, naandika hivi vidole vinanuka dawa ya mtutu na simu imeshaniteleza mara tatu. Mkiona herufi zimepishana mjue ni hasira na mafuta, si shule.

Mnamjua. Simtaji. Yule yule. Anayekuja bila kuitwa, anakaa bila kukaribishwa, na hujamaliza kuitikia hodi ameshashika bisibisi yako. Huyo.

Leo nimetandika taulo mezani, nikashusha bunduki yangu ya leva, Marlin 336, niisafishe taratibu, roho nyeupe. Nimevuta na kurudisha leva, ule mkono wa chini karibu na triga, mpaka bega likalia, nikachungulia chemba inapokaa risasi, nikatia na kidole, maana hizi zenye magazini ya bomba chini ya mtutu huficha risasi moja kama mtoto anavyoficha pipi shavuni. Tupu kabisa. Mpaka hapo bwana wa meza ni mimi.

Akaingia. "Mbona unaibembeleza kama kichanga? Lete huku."

Kwa wasioijua: hii bunduki haina miujiza. Nyundo iwe nyuma, leva uishushe kidogo, unafungua skrubu moja tu ya leva, leva inachomoka, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, inateleza kwa nyuma, halafu kuna ejekta, kile kijichuma chembamba cha kurushia ganda nje, chenye springi bapa, kinachokaa ukuta wa kushoto kwa ndani. Ukiiinamisha kinakudondokea chenyewe. Hapo unapitisha brashi kutokea nyuma ya mtutu kama mtu aliyelelewa vizuri. Vipande vinne. VINNE! Skrubu, leva, bolti, ejekta. Mbuzi anahesabu mpaka nne.

Yeye kachukua bisibisi ya nyumbani, ile ncha yake imechongoka kama kabari, kaiegemeza kwenye skrubu yangu, ikapanda, ikatafuna mfereji. Skrubu iliyokuwa inang'aa sasa inacheka kibogoyo. Hiyo nimesamehe. Jamani nasema hiyo nimeisamehe, andikeni.

Ninachoshindwa kumeza ni hiki. Kamaliza kurudishia, kakung'uta mikono kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji, na pale kwenye taulo kimebaki kijichuma. Namwambia, ndugu yangu, na hicho? Akakiokota. Akakigeuza. Akakinusa. Sitanii, AKAKINUSA. Akasema:

"Hiki cha ziada."

Cha ziada! Kama kile kifungo wanachokushonea ndani ya shati! Yaani kiwandani walikaa wakasema, huyu mteja wetu tunampenda, tumwekee ejekta ya akiba akichoka aichezee! Cha ziada! Kisha akakifagia kwa kiganja pamoja na vile vitambaa vyeusi, puu, kwenye pipa la taka, akaaga.

Nikatia risasi bandia mbili, nikavuta leva. Ya kwanza imechomolewa vizuri, imefika mlangoni, ikagoma. Haitoki. Imeng'ang'ania kwenye uso wa bolti inanitazama kama mgeni anayesubiri aambiwe alale. Nikirudisha leva, ya pili inakuja nyuma yake, wamebanana kama abiria mlangoni mwa daladala. Nimefungua upya, nimepekua pipa, nimekunjua vitambaa elfu moja mia nne kimoja kimoja, nikakipata kimejikunja ndani ya cha mwisho kabisa.

Nampigia simu. Unajua kasema nini?

"Si nilikwambia cha ziada? Sasa unacho."

SASA UNACHO.

Sina swali. Sitaki ushauri. Nimekuja kulia tu.

Kutu_Haina_Adabu:
"Akakinusa" nimeanguka. Mkuu, kilikuwa kinanukia nini?

MtutuMkavu:
Kilikuwa kinanukia UJINGA WAKE.

Bi_Leva:
Mleta mada na wewe una kesi yako. Meza yako, bunduki yako, bisibisi ikapanda skrubu, wewe ulikuwa wapi?

MtutuMkavu:
Nilikuwa nimeshika kurunzi.

Bi_Leva:
Kurunzi. Amemmulikia.

Kutu_Haina_Adabu:
Hahahaha amemmulikia! Huyu si mlalamikaji, huyu ni msaidizi wa fundi.

FimboYaShaba:
Mimi niko kwenye skrubu bado, hamjaiheshimu ile skrubu. Ncha ya bisibisi ya bunduki haichongoki, kuta zake zinashuka sambamba, inajaa mfereji wote upana na kina. Ile ya kabari inagusa juu tu, ukikaza inapanda. Na skrubu haijui kusamehe hata kama mwenyewe umesamehe.

MtutuMkavu:
Asante mkuu lakini turudi kwenye "cha ziada". Alikinusa kwanza. Mnaelewa? Alichunguza ndipo akatoa hukumu.

Mzee_wa_94:
Ndiyo maana mimi niko na bunduki ya leva ya Winchester 94 tangu ujana. Mzee Browning, yule mbunifu wa bunduki, aliibuni hivi kwamba mjuaji akiishika anakuta pini, viunganishi na mlango wa chini vimeshikana mikono, anachoka, anaomba maji, anaondoka. Hiyo Marlin yenu skrubu moja tu mlango wazi, kila mpita njia anaingia.

Bi_Leva:
Na ndiyo maana shikamoo mzee wangu unaisafishia mdomoni miaka yote hiyo, fimbo inasugua kingo za mdomo wa mtutu, halafu ukikosa shabaha unasingizia upepo.

Mzee_wa_94:
Marahaba. Nina kikinga cha shaba naweka pale mdomoni fimbo ipite katikati. Na sijakosa shabaha, shabaha ilisogea.

Kutu_Haina_Adabu:
"Shabaha ilisogea", mzee tufunge uzi hapa hapa.

NyundoPolepole:
Mnalia ejekta? Huyo huyo mnayemsema alikuja kwangu na lile kopo la kupuliza la kulegezea nati zilizoshika kutu. Kapuliza kila tundu. "Mafuta ni mafuta." Kaijaza mpaka inatiririka mezani, nikamshukuru! Baada ya muda yale yamekauka, yamevuta vumbi, yamekuwa gundi. Sasa nikivuta triga nyundo inashuka kwa heshima, kama bibi anayetafuta ngazi kwa mguu. Nimeifungua yote nimeosha na mswaki, ulitoka udongo wa kufinyangia chungu.

FimboYaShaba:
Mafuta ya bunduki ni tone, tena unapangusa. Huyo amekaanga.

MtutuMkavu:
Pole ndugu. Ila kwako hakusema "cha ziada".

NyundoPolepole:
Alisema "utanikumbuka". Namkumbuka kila siku.

Mzee_wa_94:
Vijana mnasafisha kupita kiasi ndiyo tatizo. Ukipiga, pangusa, tone la mafuta, weka. Mnafungua kila wiki kama mnatafuta hazina. Skrubu zinaisha kwa kufunguliwa kuliko risasi.

FimboYaShaba:
Hapo mzee naungana nawe nusu. Brashi ya shaba ipite, kitambaa chenye dawa, subiri, kitambaa kikavu, basi. Ila brashi isigeuziwe katikati ya mtutu, ipite yote mpaka itoke ndipo urudishe.

MpitaNjiaTu:
Habari zenu. Mimi sijui mnamsema nani, ila kitaalamu inawezekana kabisa kile chuma kilikuwa cha ziada.

Bi_Leva:
Ni yeye.

NyundoPolepole:
NI YEYE! Umejiunga leo saa hizi na una ujumbe mmoja!

MtutuMkavu:
Wewe. Kilikuwa kinanukia nini?

MpitaNjiaTu:
Mafuta ya zamani kidogo. Yaani, nadhani. Sikuwepo.

Kutu_Haina_Adabu:
Aiseeee nimetoka nje nicheke vizuri.

NyundoPolepole:
Bwana naomba kopo lako ulilolisahau kwangu uje ulichukue. Na uje na mswaki.

MpitaNjiaTu:
Si kopo langu mimi, mimi ni mpita njia.

SindanoMbili:
Samahani wapendwa, mimi sina bunduki, nimeletwa na kicheko. Ila kama ndiye ninayemdhania, mwezi uliopita alipita akaniambia cherehani yangu "inavuta pumzi vibaya". Akaifungua. Akaifunga. Tangu siku ile inaruka mishono, inashona miwili inaruka mmoja, gauni la mtu limekuwa kama limeumwa na panya. Na kuna skrubu moja kaniachia kwenye droo, kasema niitunze.

Bi_Leva:
CHA ZIADA.

SindanoMbili:
Hakusema hivyo, alisema "hii ya baadaye".

Kutu_Haina_Adabu:
Ya baadaye! Mleta mada umepitwa, kaa chini.

MtutuMkavu:
Sijapitwa. Yako hajainusa.

Mzee_wa_94:
Dada, umeangalia sindano? Marehemu mke wangu alikuwa fundi. Kuna ubapa pale juu ya sindano, ukiuelekeza siko inaruka mishono hivyo hivyo.

SindanoMbili:
Alibadilisha na sindano pia, ndiyo.

FimboYaShaba:
Basi ndiyo hiyo. Kabla hujafungua kitu kingine toa sindano, itazame kama imepinda, uirudishe ubapa ukielekea pale mashine inapotaka, na uisukume juu mpaka igote.

NyundoPolepole:
Na hiyo mashine asije akawa aliipulizia lile kopo.

SindanoMbili:
Alipulizia. Kitambaa cheupe kinatoka na madoa.

MpitaNjiaTu:
Hayo madoa yatakuwa ya uzi.

Bi_Leva:
Wewe nyamaza.

SindanoMbili:
Nimegeuza sindano, sasa inaruka kidogo tu lakini uzi wa chini unafanya vifundo. Ile skrubu ya kwenye droo ni ndogo sana, ina kichwa bapa. Itakuwa ya wapi?

MtutuMkavu:
Hebu toa kikopo cha bobini, kile cha uzi wa chini, utazame ubavuni pana kibati chembamba, kile kinachobana uzi. Kimeshikwa na skrubu ndogo. Kama tundu moja liko wazi basi ndiyo yake. Tumia bisibisi inayojaa mfereji, tafadhali. Weka picha hapa, nasubiri.