Selulasi nyingi kwenye glukosi siku ya kwanza, kisha inatoweka. Nimekosea wapi?

mkonge_lab: Wakuu, habari zenu. Nina kuvu ya Trichoderma niliyoitoa kwenye mabaki ya mkonge yaliyooza, napima selulasi yake (kimeng'enya kinachovunja selulosi kuwa sukari). Chupa moja ina glukosi asilimia 1, nyingine unga wa selulosi asilimia 1. Kila siku nachuja, maji yake nayaweka na karatasi ya chujio saa nzima, nyuzi 50, pH 4.8, kisha DNS (kemikali inayogeuka nyekundu ikikutana na sukari), nasoma rangi kwenye nanomita 540. Ya selulosi inapanda polepole hadi siku ya 5, sawa. Ila ya glukosi siku ya kwanza ni nyekundu kama juisi ya ubuyu, siku ya 3 hamna kitu! Si tunafundishwa kwamba glukosi huzima jeni za selulasi? Msimamizi wangu kaguna tu.

kijana_wa_pcr: Umechanganya lebo, mkuu 😂

bibi_kuvu: Lebo hazina kosa. Pole mwanangu, hilo lilinila miezi miwili enzi zangu. DNS haioni kimeng'enya, inaona sukari, na glukosi uliyoiweka mwenyewe bado imo. Siku ya 3 kuvu imeshaimaliza. Chemsha sampuli dakika 10, kimeng'enya kife, kisha upime tena: rangi ikibaki, ni sukari.

Kuhusu jeni, vitabu viko sawa. Glukosi ikiwepo, protini ya Cre1 hukalia promota (swichi) ya cbh1, jeni mojawapo ya selulasi. Nani atatwanga mahindi ilhali ugali umeshaiva? Protini nyingine, Xyr1, ndiyo huiwasha jeni hiyo, na sukari kama soforosi au laktosi huchochea uwashaji huo. Aina ya Trichoderma iitwayo Rut-C30, inayotoa selulasi nyingi, ina Cre1 iliyokatika, ndiyo maana glukosi haiizuii sana. Mama yake, QM6a, ilitoka Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili, kwenye vitambaa vya jeshi la Marekani vilivyokuwa vinaoza. (Hii huwa siachi kuisimulia.)

Lakini usiandike "jeni imezimwa" kwa kutegemea DNS. Pima mRNA, nakala ambayo jeni hutoa ikiwa imewashwa. Kuza kwenye gliseroli, ambayo haizimi wala haiwashi, osha nyuzinyuzi zake, gawa: glukosi, laktosi, na gliseroli tena.

mkonge_lab: Nimechemsha. Usomaji wa rangi kabla 0.93, baada 0.91. Duh! Shikamoo bibi. Nivune baada ya muda gani tangu kuhamisha?

bibi_kuvu: Marahaba. Baada ya saa 3, kisha baada ya saa 6. Jeni ya kulinganishia isiwe aktini peke yake, weka na jeni ya sar1. Na sampuli zigandishe hapo hapo, usiende kunywa chai kwanza.