Nimeuziwa "safari ya wapiga picha" Serengeti, nikapewa daladala

Wakuu, heshima mbele.

Naandika nikiwa na hasira hivi hivi, maana zikitulia nitaanza kuwaonea huruma hawa jamaa wa Arusha na hawastahili. Jina la kampuni silitaji kwanza, madai yangu bado yako mezani kwao.

Mimi nakula kwa kupiga picha. Kawaida nakodi gari peke yangu, ila Februari hii bei ya gari zima ilinishinda. Nikaona tangazo lao: pakeji ya kujiunga na kundi, Serengeti na Ngorongoro, "maalumu kwa wapiga picha, kila mtu na dirisha lake". Juu wamebandika nyumbu wanavuka mto Mara, vumbi na mamba kibao.

Tuanzie hapo hapo. Nyumbu wanavuka Mara kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kuanzia Julai hivi. Februari wako kusini, kwenye majani mafupi ya Ndutu, wanazaa. Anayeuza safari ya Februari kwa picha ya Agosti ama haijui mbuga, ama anaomba Mungu wewe usiijue. Nikampigia dada wa ofisini: Ndutu tunapita? "Tunapita kaka, ondoa shaka." Hatukupita. Nilipomuuliza dereva akanionyesha karatasi yake: imeandikwa Seronera, katikati ya mbuga, na mafuta kapewa ya kufika huko tu.

Sasa mwanga, ambao ndio nilioulipia. Kule picha ni alfajiri mpaka kama saa 2 na nusu, halafu tena kuanzia saa 11 jioni. Katikati jua liko utosini, simba wamejilaza kichakani, anga jeupe pee. Kibali cha Serengeti nacho ni cha saa 24: ukiingia geti la Naabi saa 7 mchana, kesho saa 7 uwe umeshatoka. Piga hesabu mwenyewe. Kundi letu lilikuwa na jioni moja na asubuhi moja, basi. Jioni ikaishia njiani kwenda kambini kwa sababu mpishi alitaka tuwahi. Asubuhi? Chai saa 1 na nusu, kuondoka saa 2 na robo!

Nilimwomba mpishi anifungie chapati na mayai ili tutoke saa 12. Wenzangu wawili wakakubali. Dereva akasema ratiba ni ya kundi. Basi jua likachomoza, anga jekundu, twiga wanapita taratibu kule mbele, mimi nimesimama nje ya hema na kikombe cha chai na gari limefungwa.

Saa 3 na kitu ndio tukamkuta chui. Yuko juu ya mgunga karibu na mto Seronera, mkia unaning'inia, mguu wa swala umebanwa kwenye tawi la juu yake. Gari lina watu saba na injini inanguruma. Wenye lenzi ndefu mnanielewa: milimita 400, gari linatetemeka, hakuna fremu inayotoka safi. Nikamwambia dereva, kaka, zima kidogo. Akajibu betri imechoka, likizima itabidi tushuke tusukume. Tushuke! Chini ya chui! Dirisha langu nililoahidiwa kitasa chake kimevunjika, halishuki. Juu kwenye paa kuna mzee kasimama na tableti yake kubwa anarekodi video, na sina ugomvi naye, yeye kaja kutembea. Kabla sijapata nafasi, "jamani twendeni, muda wa Naabi".

Ngorongoro siielezei sana. Tulishuka kreta saa 4, mwanga umeshaharibika.

Ila wakati wa kurudi, pale Mto wa Mbu, muda ukapatikana. Karibu saa nzima kwenye duka la vinyago na tanzanite, hakuna anayeharakisha mtu. Dereva simlaumu sana, posho yenyewe ndogo na dukani ana kamisheni yake. Mwenye kampuni ndiye anayejua anachofanya. Kachukua kundi la kawaida kabisa, kaongeza neno "wapiga picha", na bei kaipandisha.

Nimelalamika, meneja kanitumia ujumbe wa sauti: wageni wengine wote wameridhika, labda mimi nina matarajio makubwa. Matarajio ya kioo kushuka!

Sitaki hela yote. Nataka ile nyongeza waliyoweka juu ya safari yao ya kawaida, maana zote mbili wanazitangaza na tofauti inaonekana. Tangazo, risiti na meseji za yule dada ninazo. Mliowahi kudai kampuni za utalii, nianzie FCC (Tume ya Ushindani) au Wizara ya Maliasili na Utalii wanaowapa leseni? Na mwenye namba ya dereva anayekubali kutoka saa 12 kamili, mwenye gari linalowaka bila kusukumwa, anicheki inboksi.