Tupeane uzoefu: neno "smart" limewahi kukuumbua?

Chungu cha Wino:
Wakuu, salaam. Leo binti yangu kaja na ripoti ya shule, mwalimu kamwandika "a smart child". Mama yake akafurahi: "Unaona faida ya kumpigia pasi kila jioni?" Nikanyamaza, maana neno hili lilishaniumbua hata mimi. Kwa sisi Waswahili, smati ni mavazi: shati limenyooka, umechomekea, kiatu kinang'aa. Kumbe wenye lugha yao wana smati nyingine ya akili. Nani mwingine yamemkuta?

Zumbukuku:
Yamenikuta. Sitasema zaidi.

Baba Pacha:
Mkuu umenitonesha kidonda. Mwezi wangu wa pili kazini, bosi mgeni, Kiswahili hajui. Kikaoni akajisifu kwamba mauzo yamepanda. Mimi kwa kiherehere nikanyoosha kidole: "Yamepanda kwa sababu mwezi uliopita tulisahau kuandika nusu yake." Watu wakaangua kicheko. Bosi akanitazama, akasema polepole: "Don't get smart with me."

Sasa siku hiyo nilikuwa nimepiga suti niliyosimamia harusi ya kaka yangu, tai nyekundu, kiatu unajitazamia meno. Yeye kavaa fulana. Nikaunganisha mwenyewe: huyu bwana anaona namfunika kwa pamba! Nikajibu kwa adabu zote, "Thank you, sir." Chumba kizima kikainamisha vichwa.

Kesho yake nikatii amri. Shati la makunyanzi, sijachomekea, raba imetoboka kidole gumba kinachungulia. Ile naingia tu, naitwa ofisini. Barua ya onyo iko mezani: dharau ya mdomo, na chini yake wameongeza kwa kalamu, dharau ya mavazi. Dada wa uhasibu ndiye aliyenieleza mlangoni kwamba ile kauli maana yake usinijibu kijeuri, usijifanye mjuaji. Nililia chooni, sioni haya kusema.

Mama Tausi:
"Thank you, sir" 😂😂 Jamani mbavu zangu.

Jicho Moja:
Chai hii.

Baba Pacha:
Barua ninayo mpaka leo.

Jicho Moja:
Ipige picha tuone.

Baba Pacha:
Ili mjue jina langu? Kwa lipi?

Mama Tausi:
Jicho Moja mwache baba wa watu. Endelea Baba Pacha, bosi aliitazama ile raba au aliangalia pembeni?

Baba Pacha:
Aliitazama. Kidole nacho kikajikunja chenyewe.

Kamusi Kuukuu:
Mngejua lilikotoka msingecheka. Halikuanza na nguo wala akili, lilianza na maumivu. Kiingereza cha kale walisema smeortan, yaani kuuma, kuwasha kama kidonda kilichoguswa na kitu kikali. Ndugu yake wa Kijerumani ni Schmerz, maumivu. Mholanzi anaandika smart herufi kwa herufi na kwake ni majonzi. Nyimbo za kuliza anaziita smartlap, kama kusema kitambaa cha majonzi. Kwa Kiingereza, kuuma kukazaa ukali, ukali ukazaa wepesi, wepesi ukazaa akili na unadhifu. Si ajabu hiyo, hata sisi mwenye akili tunamwita mkali.

Msafiri Kafiri:
Hapo kwenye kuuma ndipo nilipoingia mkenge! Nikiwa masomoni ughaibuni, daktari wa macho kashika kichupa ananiambia "this may smart a little". Nikajua macho yatapendeza. Nikayatoa kabisa, na kope nimezishikilia kwa vidole. Weee! Nilimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

Zumbukuku:
😂 Haya na mimi nasema. Nilialikwa semina ya "SMART goals", yaani namna ya kupanga malengo, nikaenda na suti ya vipande vitatu. Wenzangu wote wamevaa jinzi. Kumbe ni herufi za kwanza za maneno matano, alizipanga George Doran kwenye jarida la Management Review mwaka 1981. Kwake A ilikuwa kazi iwe na wa kukabidhiwa. Siku hizi kila mkufunzi anaweka A yake.

Bi Kidawa:
Nimefanya kazi na Wajapani. Wao wakilitamka, sumaato, wanamaanisha mwembamba. Mimi kilo 92, miaka mitatu sikuambiwa hata mara moja, nikawa nalala nikidhani nina akili ndogo.

Jicho Moja:
Mimi nina ugomvi na walioleta "simu janja". Mjanja ni mtu wa kukuzunguka, si wa kumsifia. Simu mahiri ndiyo sawa.

Mama Tausi:
Bando lako likiisha kabla ya wakati unajua limekwenda wapi? Basi hiyo ni janja.

Jicho Moja:
Na "smart bomb", bomu la kujiongoza lenyewe, je? Bomu limechomekea?

Mama Tausi:
Hoja za kitoto hizi.

Msafiri Kafiri:
Ushauri wangu: ukiambiwa smart, tabasamu tu, usiulize.

Baba Pacha:
Usitabasamu! Mimi nilitabasamu.

Bi Kidawa:
Fuata macho yake. Akitazama viatu, ni nguo. Akikutazama usoni, omba radhi.

Zumbukuku:
Omba radhi hata akitazama viatu.

Chungu cha Wino:
Nimemweleza mama mtoto kwamba mwalimu alisifia akili. Kasema kama ni hivyo, pasi kuanzia kesho napiga mimi.