Spika za kompyuta za bajeti ndogo: nichukue mbili tu au seti yenye sabufa?

kijana_wa_meza:
Wakuu habari zenu. Kompyuta yangu ya mezani nimemaliza kuiunga, kila kitu kiko poa isipokuwa sauti, maana saa hizi natumia vispika vya ndani ya monita na vyenyewe havina besi kabisa, muvi ikifika sehemu ya mlipuko unasikia "pak" basi yameisha. Nasikiliza sana miziki, usiku muvi, na gemu za kupiga risasi wikiendi. Bajeti sio kubwa.

Nimeona vitu viwili bei zinakaribiana. Kimoja ni seti ya 2.1, yaani spika mbili ndogo na sabufa (ile spika kubwa ya besi), ina na taa zinazochezacheza, boksi limeandikwa wati 3000. Kingine ni spika mbili tu za mbao, Edifier R1280T, wati 42. Sasa 3000 kwa 42 mbona kama jibu liko wazi, lakini bei kuwa karibu hivyo ndo kunanitia wasiwasi. Meza ni ndogo na ukuta wa nyuma upande wa pili analala jirani. Halafu Bluetooth ni lazima siku hizi? Naombeni msaada.

fundi_waya:
Mkuu hizo 3000 ni PMPO, futa kichwani. PMPO haina kanuni yoyote, kila kiwanda kinajiandikia kinavyojisikia, wewe tafuta palipoandikwa RMS, ndo nguvu ambayo spika inaitoa mfululizo bila kulia vibaya. Na kama boksi halina RMS geuza ile seti usome lebo ya umeme au ya adapta yake. Ukikuta volti 12 ampea 2, zidisha, ni wati 24, na hapo hujatoa unaopotea kama joto. Spika haiwezi kutoa umeme ambao haijaingiziwa, hata iwekewe taa za rangi ngapi.

Kitu kingine watu hawakijui, wati zikiongezeka mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, yaani unasikia imeongezeka kidogo basi. Ili sikio lako liseme hii imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama mara 10 ya wati. Kwa hiyo mtu aliyekaa karibu na meza, wati 42 za kweli hatazimaliza.

Hiyo R1280T ni wati 21 kila upande, koni ya inchi 4 na twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) juu yake, vitasa vya besi na trebo viko ubavuni mwa spika ya kulia, rimoti ipo. Chukua hiyo.

mzee_wa_besi:
Napinga kidogo hapo fundi. PMPO ni utapeli tunakubaliana, ila usimwambie kijana koni ya inchi 4 itampa muvi. Gitaa la besi, uzi wake wa chini kabisa unapiga hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde, namba ikishuka sauti inakuwa nzito), na milipuko ya muvi inashuka chini zaidi ya hapo, koni ndogo huko haifiki, inakupa kivuli tu cha besi. Mtu wa muvi na gemu anataka kiti kitikisike bwana. Atafute 2.1 ya kampuni inayoeleweka yenye RMS imeandikwa, mfano Logitech Z313 ni wati 25 za kweli na sabufa humo humo. Ila kwa seti yoyote ya 2.1 aangalie kama sabufa ina kitasa chake cha besi, isiyo nacho inachosha haraka.

fundi_waya:
Mzee nakuheshimu lakini umeruka jambo. Kwenye seti za bei ya chini zile spika ndogo za pembeni zina vikoni vya inchi 2 au zaidi kidogo, haviwezi kushuka, kwa hiyo kiwanda kinaibebesha sabufa kazi mpaka huko hezi 150 au 200. Huko sasa sio besi tu tena, huko tayari imo sauti ya mwanaume akiongea. Matokeo yake mtu kwenye muvi anaongea nusu mbele yako nusu chini ya meza, na kwenye muziki katikati panakuwa na shimo, gitaa linasikika jembamba, besi inavuma peke yake. Sabufa nzuri inakabidhiwa kazi hezi 80 hivi kushuka na hapo sikio halijui inatokea wapi. Kwa bajeti yake hiyo haipo.

Halafu soma swali vizuri, kuna jirani ukutani. Besi ndo sauti inayopenya ukuta kuliko zote. Jirani hasikii maneno ya wimbo wako, anasikia dum dum dum usiku kucha.

mzee_wa_besi:
Hahaha hapo kwa jirani umenipata. Ila angekuwa peke yake kwenye nyumba nisingekubali.

dada_gemu:
Naingilia upande wa gemu maana wote mmeusahau 😂

Bluetooth kwa gemu hapana kaka. Sauti inachelewa, mara nyingi milisekunde 150 mpaka 200 na ushee, yaani unafyatua halafu mlio unafuata baadaye. Kwenye muvi programu nyingi zinakuruhusu kuisogeza sauti ilingane na midomo, gemu haikupi hiyo nafasi. Waya wa AUX (ule wa tundu la hedifoni) unatosha kabisa, Bluetooth iwe ya kurushia nyimbo kutoka kwenye simu tu, na kama ndo inakufanya uongeze hela usiongeze.

Na kusema ukweli kwa zile gemu za kusikilizia hatua za adui anatokea wapi, hedifoni ya kawaida yenye waya inaishinda spika yoyote ya bajeti, na saa za usiku jirani naye anapumzika. Spika ziache kwa miziki, muvi na gemu za hadithi.

Kama meza ni ndogo sana na R1280T hazikai, angalia Creative Pebble, zinakula umeme wa USB tu na koni zimeinamishwa zinakutazama usoni. Besi sio ya kutisha ila sauti safi. Usitegemee kelele ya sherehe, USB ya kawaida inatoa wati 2.5 tu.

kijana_wa_meza:
Asanteni sana, nimeelewa, taa tumeachana nazo. Nimepima meza R1280T zinaingia kwa kubanana. Maswali mawili ya mwisho, kuna jamaa kaniambia spika za kompyuta zinavuma "mmmm" hata kama hujaweka kitu, hiyo inatibika? Na nikipata za mtumba za bei nzuri nichukue?

fundi_waya:
Mvumo wa hivyo mara nyingi unatoka kwenye ethi (waya wa umeme unaokwenda ardhini), kompyuta na spika zimechomekwa soketi tofauti. Chomeka zote kwenye ekstensheni moja. Ukitaka kuhakikisha chomeka spika kwenye simu au laptopu inayotumia betri tu, mvumo ukipotea basi spika ni nzima, shida iko upande wa kompyuta. Ukibaki pale pale, hiyo ni ya spika yenyewe au waya wake, rudisha.

Mpangilio: wewe na spika mbili mtengeneze pembetatu yenye pande sawa, twita iangalie sikio sio kifua. Zikiwa chini sana weka kitu chini ya mbele ziinuke. R1280T tundu la besi liko mbele kwa hiyo ukuta hauzisumbui sana, ila usizisukumie kwenye kona, besi itajaa na kuwa nzito, na huyo jirani tena.

Mtumba sawa, ila toa kitambaa cha mbele kwanza uone ule mpira unaozunguka koni, ukiwa umepasuka au unamomonyoka ukiugusa acha. Zungusha kitasa cha sauti taratibu huku inapiga, kikikwaruza au upande mmoja ukapotea muulize muuzaji anapunguza ngapi.

mzee_wa_besi:
Na ukaombe kuzisikiliza na wimbo unaoujua wewe, sio ule anaokuwekea yeye.