Tupeane uzoefu: chakula cha asili ambacho mgeni hawezi kukikisia

Jambo yenu. Niko Lubumbashi, na ningependa tufundishane. Eleza chakula cha asili unachokijua, cha kwenu au cha ugenini: kinaonekanaje, kinanukaje, kinapikwaje. Jina ulifiche, wengine wakisie.

Naanza. Ni kizito, kina rangi ya udongo, kinakatwa vipande kama saucisson, ile soseji nene. Ukikitafuna kinavutika kidogo, halafu utamu wa karanga na ukali wa pilipili vinafuata. Bamama wanakiuza soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwenye beseni. Nyama haimo hata chembe.

*Wa Kipushi:* Chikanda hiyo! Nimekulia ndani yake. Ni viazi vidogo vya okidi, mimea ya maua ya porini. Bibi alivikausha, akavitwanga, akachanganya na unga wa karanga, magadi, chumvi na pilipili, akasonga hadi mkono unachoka. Mwisho aliacha moto kidogo chini, akapanga makaa juu ya mfuniko ili paive pande zote. Ukoko wa juu tuligombania watoto wote.
Lakini kuna jambo linaniuma. Ukichimba kiazi, mmea mzima umekwenda. Zambia wanaipenda mno kiasi kwamba okidi zinachimbwa hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, upande wa Kitulo, kulisha soko hilo. Naomba wachimbaji wabakize mimea.

*Dada wa Goma:* Langu ni jepesi. Linaruka usiku msimu wa mvua, linafuata taa. Tunang'oa mabawa na miguu, tunakaanga bila kuongeza mafuta.

*Wa Kipushi:* Senene. Tuletee!

*Mwenye shemeji Ulaya:* Shemeji alikula hiki Iceland. Vipande vya mraba, vyeupe, vinadungwa kijiti. Harufu inapanda puani kama amonia. Kikiwa kibichi ni sumu.

*Dada wa Goma:* Jibini iliyooza?

*Mwenye shemeji Ulaya:* Hapana, ni samaki! Papa wa Greenland, wao wanamwita hákarl. Zamani walimfukia kwenye changarawe, wakamlundikia mawe ili maji yatoke, akachacha kwa wiki kadhaa. Kisha wanamtundika bandani miezi mingi, upepo unamkausha. Shemeji anasema kipande cha kwanza kilimtoa machozi, cha pili akakiomba mwenyewe.

*Mama wa Katuba:* Wanangu, mimi simshangai mtu wa Iceland. Muhogo mchungu nao una sumu, na kila siku tunaula kwenye bukari, yaani ugali. Nendeni mahali wanapoloweka, msikie harufu yake. Mama yangu alinifundisha kubonyeza kwa kidole: kikizama bila nguvu, umeiva, utoe uanike. Kikigoma, uuache majini. Hakuna aliyetuandikia hayo. Wazee walijua, na kule kwenye barafu nao walijua.
Basi nami naacha langu. Pika uji mzito wa mahindi, uache upoe. Tumbukiza mizizi ya porini iliyopondwa. Ule uzito unalegea, na kesho yake unakunywa kitu chepesi, kitamu, bila sukari yoyote. Watu wa Katanga mnyamaze kwanza, tuwasikie wa Goma na Bukavu.