Beetle ya 1972: stata haizunguki injini ikishapata moto

Mwenye Beetle, Tanga

Ndugu mafundi na wapenzi wa magari ya zamani, habari za kazi. Ninaomba ushauri kuhusu Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, injini ya 1300, umeme wa volti 12. Asubuhi huwaka mara moja. Nikishaliendesha hadi Muheza nikalizima, kisha nikataka kuliwasha tena muda mfupi baadaye, nasikia mlio mmoja tu wa "ta" kutoka chini, upande wa nyuma, na stata haizunguki. Taa za mbele hazififii hata kidogo, ndiyo maana siishuku betri. Likipoa huwaka bila shida. Nisipotaka kungoja, sharti lisukumwe. Fundi wa mtaani amenishauri ninunue stata nyingine. Je, kabla sijatoa fedha, kuna namna ya kuthibitisha kwamba stata ndiyo mbovu?

Fundi umeme wa magari, Mombasa

Ndugu yangu, usinunue chochote bado. Ugonjwa huu ni wa Beetle tangu zamani, na mara nyingi stata yenyewe haina kosa.

Tazama njia ambayo umeme unapitia. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na stata iko huko huko nyuma, kwenye giaboksi upande wa kulia. Lakini umeme unaoiamuru solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoipa mota ya stata umeme) ifanye kazi husafiri kwanza hadi mbele kwenye swichi ya funguo, kisha hurudi nyuma kwa waya mwekundu wenye mstari mweusi hadi kwenye terminali namba 50, yaani mahali pa kufungia waya huo kwenye solenoidi. Katika Beetle nyingi waya wa kwenda hupitia pia swichi ya taa. Kila skrubu iliyolegea na kila kiungo chenye kutu hupunguza volti, na baada ya nusu karne viungo hivyo ni vingi.

Joto ndilo linalokamilisha tatizo. Koili ya solenoidi ni ya shaba, na ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 24 joto linapoongezeka kwa nyuzi 60 za Selsiasi. Koili iliyokuwa inapata umeme wa kutosha kwa shida ikiwa baridi, ikipata moto hukosa nguvu ya kuvuta hadi mwisho. Mlio unausikia, ila midomo mikubwa ya solenoidi, yaani vyuma vinavyopitisha umeme wa mota, haigusani, na mota haipati umeme. Kwa sababu hiyo taa zako hazififii.

Pima ukiwa na gari la moto, kwa sababu likiwa baridi vipimo vitakudanganya. Weka gia huru, funga breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, na ukilinyanyua kwa jeki uweke stendi. Waya mweusi wa mita ya volti ushike kwenye mwili wa stata, mwekundu kwenye terminali 50, kisha mtu azungushe ufunguo. Rudia kwenye bolti namba 30, panapofungwa waya mnene wa betri. Tuletee namba zote mbili.

Mzee wa gereji, Morogoro

Ninakubaliana na fundi, ila angalia pia mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha giaboksi na bodi. Injini na giaboksi vimekaa juu ya mipira, kwa hiyo mkanda huo ukiliwa na kutu, umeme wa stata hukosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri. Ufungue, uusugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ndipo uukaze.

Mwenye Beetle, Tanga

Ahsanteni sana. Mkanda nimeusafisha, lakini tatizo limebaki. Gari likiwa la moto, bolti 30 inasoma volti 12.1 na terminali 50 inasoma 7.9. Nimepima na swichi ya funguo nikiwa nimeshikilia ufunguo: umeme unaoingia ni 11.2, unaotoka ni 8.6.

Fundi umeme wa magari, Mombasa

Umeifanya kazi vizuri, na jibu umelipata mwenyewe. Kati ya volti 4.2 zinazopotea, 2.6 zinapotelea ndani ya swichi. Wengi hufunga rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, karibu na stata, na inasaidia: bolti 30 iunganishwe na mguu 30 wa rilei kupitia fyuzi, mguu 87 uende terminali 50, waya wa zamani wa swichi uende 86, na 85 ufungwe kwenye bodi. Chagua rilei ya ampea 40.

Mzee wa gereji, Morogoro

Mimi ningebadilisha swichi kwanza. Swichi hiyo hiyo ndiyo inayolisha koili ya plagi, na ikiwa imeungua ndani, rilei itakuficha ubovu mpaka siku injini itakapozimika barabarani. Kisha pima tena. Terminali 50 ikiwa bado chini ya volti 10, hapo funga na rilei. Kabla ya kugusa bolti 30, fungua waya wa hasi wa betri, kwa maana waya ule mnene hauna fyuzi. Na unaporudisha kiti, hakikisha kifuniko cha betri kipo, kwa sababu springi za kiti zikigusa vichwa vya betri zinaweza kuwasha moto.